Nyayo za Sungura Kusini mwa Australia

Anayetoka Melbourne kwenda magharibi ana njia mbili. Wageni karibu wote hushika ile ya pwani, Great Ocean Road, kwa sababu picha zake ndizo zilizowatoa kwao. Ile ya bara, inayopita mji mdogo wa Winchelsea, wameachiwa madereva wa malori na wafugaji wa kondoo. Sisi tulianza na ya bara kwa makusudi. Nilitaka kuliona shamba la Barwon Park, ambako mwaka 1859 tajiri mmoja aitwaye Thomas Austin aliletewa kutoka Uingereza sungura wapatao dazeni mbili, akawaachia porini ili yeye na rafiki zake wapate kitu cha kuwinda.

Jumba la mawe alilolijenga baadaye, mwaka 1871, bado limesimama. Kulizunguka kuna nyasi, kondoo na upepo baridi wa Septemba, mwezi ambao huku ndio mwanzo wa machipuko. Ukiambiwa kwamba hapa ndipo ulipoanzia msiba wa bara zima, unatazama huku na huku ukitafuta ishara na huioni. Lakini sungura wale walizaa kuliko risasi zilivyoweza kuwapunguza, na kabla karne haijaisha walikuwa wameshavuka jimbo baada ya jimbo. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2022 ulithibitisha kwamba wengi wa sungura mwitu wa Australia asili yao ni kundi lile la Austin. Sungura wa hadithi zetu humshinda simba kwa akili. Huyu alilishinda bara kwa kuzaa tu.

Mwenzangu ni Mpemba anayesomea uzamili Melbourne, mtu wa bahari asiye na subira na habari za mashamba. "Sheikh, sungura wote hao unaowasimulia na hatujamwona hata mmoja," aliniambia. "Twende zetu pwani."

Gari letu lilikuwa Toyota kuukuu. Nyuma tulipanga hema, magodoro ya kupuliza, jiko dogo la gesi, dumu la maji na unga wa mahindi. Unga wenyewe ni wa njano, ule wanaoupika Waitaliano kwa jina la polenta, na unapatikana katika kila duka kubwa. Ukiusonga vizuri unapata ugali ambao wazee wetu walioishi miaka ya shida wangeutambua kwa macho. Katika miji mingi ya njiani kuna bustani za umma zenye majiko ya umeme ya kuchomea nyama: unabonyeza kitufe, bati linapata moto, unachoma soseji au samaki wako, ukimaliza unafuta mafuta na kumwachia mwingine. Hulipi senti. Kwa kuwa huku magari hushika kushoto kama kwetu, udereva haukutupa taabu.

Great Ocean Road ilichongwa ubavuni mwa majabali kati ya mwaka 1919 na 1932. Walioichonga ni askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao kwa sururu na koleo, na barabara yenyewe ndiyo kumbukumbu ya wenzao walioachwa makaburini ng'ambo. Ukielekea magharibi bahari iko kushoto kwako, chini tu ya tairi, na kona hazikupi nafasi ya kuitazama. Mpemba alikuwa akishangilia mawimbi, mimi nikishikilia usukani.

Baada ya mji wa Lorne, barabara inapoanza kupita katika vilima vya Otway, nilisimamisha gari kwa ajili ya mti. Nimezaliwa Njombe, na kwa mtu wa Njombe hakuna mti wa kawaida kuliko mlingoti, ambao wengine huuita mkaratusi. Nguzo za umeme ni mlingoti, kuni za viwanda vya chai ni mlingoti. Unaoufuata ni muwati, uliopandwa kwetu kwa maelfu ya hekta tangu miaka ya 1940 kwa ajili ya magome yake, ambayo hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Yote miwili kwao ni huku, kusini-mashariki mwa Australia. Mlingoti ulionisimamisha ulikuwa wa jamii ile ile yenye majani machanga ya rangi ya majivu ya bluu, magome yamebanduka na kuning'inia kama vitambaa. Nilisugua jani kiganjani. Harufu ikawa ile ile ya dawa ya kifua niliyopakwa utotoni. Pembeni yake miwati ilikuwa imechanua maua ya njano hafifu, na hakuna mtu aliyeipanda.

Kwetu miti hii ina kesi. Wanavijiji huilaumu kwa kukausha visima, na mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa waziri wa mazingira wa Kenya, aliagiza mikaratusi iliyopandwa kandokando ya vyanzo vya maji ing'olewe. Huku kwao nilitafuta kosa lake nikalikosa. Jani ambalo kwetu hata mbuzi hulipita, huku ndilo chakula cha koala. Maua yana ndege wake, mashina matupu yana wakazi wake. Hata moto una hesabu yake: chini ya gome kuna macho yaliyolala, na msitu ukiungua, macho hayo huamka na kuchipua shinani kote. Binadamu ndiye asiyeuhimili moto huo. Tarehe 16 Februari 1983 moto uliikumba miji midogo ya barabara hii pamoja na maeneo mengine ya Victoria na South Australia, na watu 75 walikufa kwa siku moja. Ndiyo maana kila penye njia panda kuna ubao wa nusu duara wenye mshale unaoonyesha hatari ya moto kwa siku ile. Katika machipuko mshale ulikuwa umelala upande wa usalama. Wakati wa kiangazi kuna siku ambazo kuwasha kuni ni kosa la jinai.

Koala tuliwakuta Cape Otway, wamekaa kwenye matawi kama vifurushi vilivyosahauliwa. Watalii walikuwa wakiwapiga picha kwa huruma. Wachache wanajua kwamba koala wa rasi ile wengi wao ni uzao wa waliohamishiwa pale miaka ya 1980, kwamba walizaana hadi wakakwanyua miti ikabaki mifupa, na kwamba mwaka 2013 na 2014 serikali ililazimika kuwaua mamia waliokuwa wakifa njaa. Mnyama wa nchi ile ile, aliyehamishwa ndani ya jimbo lile lile, naye aligeuka balaa kwa sababu aliwekwa mahali bila kuhesabiwa chakula.

Kuhusu Twelve Apostles sitasema mengi. Ni minara ya chokaa iliyoachwa baharini na mawimbi yaliyokula jabali. Haikuwahi kutimia 12, na mmoja ulianguka mwaka 2005 mbele ya macho ya watalii. Karibu na hapo, Januari 1990, upinde wa mwamba ulioitwa London Bridge ulikatika na kuwaacha watu wawili upande wa baharini hadi helikopta ilipowafuata. Tulipiga picha zetu, tukaendelea.

Mahali ambapo ningemwomba kila msafiri asipite bila kusimama ni Budj Bim, mwendo wa saa chache kuelekea magharibi. Volkano iliyolipuka zamani sana iliacha mto wa mawe meusi hadi karibu na bahari, na juu ya mawe hayo watu wa Gunditjmara walijenga mifereji, mabwawa na kuta za kunasia mikunga. Sehemu ya mifereji hiyo ina umri wa miaka 6,600 hivi. UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2019.

Mama aliyetuongoza, mwenyewe Mgunditjmara, alituinamisha mbele ya mfereji mmoja. Ulikuwa na upana usiozidi hatua moja. Kuta zake zilikuwa za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, na chini maji ya rangi ya chai yalikuwa yakienda polepole sana. Penye mlango wa mfereji ukuta ulikuwa na pengo, na hapo ndipo hutegwa mtego wa kusukwa kwa majani, mrefu, mpana mdomoni na mwembamba mkiani. Mpemba alipouona aliruka. "Huu ni mgono! Wallahi ni mgono!" Akaushika, akaugeuza, akatazama msuko wake na kuonyesha kwa kidole mahali mtegaji angesimama kumtoa samaki. Mama yule alicheka, akamwambia kweli ndipo. Mkunga mdogo hupita ukutani na kwenda kukua bwawani. Mkubwa hunaswa, hukaushwa kwa moshi ndani ya shina la mlingoti lililo wazi, na huwa akiba ya miezi. Watu wale hawakuleta kitu kutoka mbali. Walichukua maji yaliyopo, mawe yaliyopo na samaki aliyepo, wakavipa mpangilio.

Mpakani mwa South Australia hakuna askari. Kuna bango na pipa. Bango linakukataza kuingia na machungwa, nyanya na matunda mengine, kwa kuwa jimbo lile linajilinda dhidi ya nzi wa matunda. Tulikaa kwenye kingo ya barabara tukala machungwa yetu yote, maganda tukayatia pipani. Nchi iliyomruhusu Austin na sungura wake leo inakagua mfuko wako wa machungwa, na nadhani si kichekesho. Ni somo walilokwisha kulipia.

Mount Gambier tulilikuta ziwa lake la volkano, Blue Lake, likiwa la kijivu. Hugeuka bluu kali karibu na Novemba na kurudi kijivu baada ya kiangazi. Kutoka hapo barabara inafuata Coorong, wangwa mrefu wa zaidi ya kilomita 100 unaotenganishwa na bahari kwa ukuta wa mchanga. Hapa ni nchi ya watu wa Ngarrindjeri. Tulipiga hema nyuma ya vichaka, tukala ugali na mkebe wa sadini, na usiku kucha tukasikia bahari upande wa pili wa mchanga bila kuiona. Asubuhi ndege wakubwa wenye mfuko chini ya mdomo, wale wanaoitwa mwari kwetu, walikuwa wamejipanga majini wakivua.

Adelaide ni mji wa mitaa iliyonyooka, ulioanzishwa mwaka 1836 na kupimwa na William Light, ukiwa umezungukwa na bustani pande zote. Tulinunua samaki soko kuu, na Ijumaa Mpemba akanipeleka kwenye msikiti wa Little Gilbert Street, uliojengwa mwaka 1888 na 1889. Waliochangia ujenzi ni wachunga ngamia. Huku wanaitwa Waafghani, ingawa wengi walitoka sehemu ambazo leo ni Pakistan na India. Mwaka 1866 Thomas Elder aliteremsha ngamia zaidi ya 100 Port Augusta pamoja na wachungaji wao, na kwa miongo mingi wao ndio waliobeba sufu, nyaya za simu na maji kwenda jangwani. Malori yalipokuja, wanyama hawakuwa na kazi tena. Wengi waliachwa waende. Leo Australia ina kundi kubwa kabisa la ngamia mwitu duniani. Mpemba alisali, akatoka amekaa kimya kidogo, kisha akasema, "Minara minne, sheikh, katikati ya vinyumba hivi. Walikuwa mbali na kwao hawa watu."

Kaskazini mwa Adelaide ndiko nilikojifunza jina la George Goyder. Mwaka 1865, wakati wa ukame mkubwa, mpima ardhi huyu mkuu wa koloni alipanda farasi akazunguka mipaka ya ukame akitazama majani. Mahali ambapo vichaka vya chumvi vilianza kutawala, aliweka alama. Akaziunganisha alama hizo katika ramani nzima: kusini mwa mstari limeni ngano, kaskazini msilime. Miaka ya 1870 ikawa ya mvua nzuri. Wakulima wakamcheka, serikali ikaufuta mstari, na likazuka neno kwamba mvua hulifuata jembe. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 mvua ilirudi kwenye kawaida yake, na waliolima walirudi kusini mikono mitupu.

Kati ya Quorn na Hawker, ukielekea milima ya Flinders, magofu yao yapo pande zote mbili za barabara. Ni nyumba za mawe zilizojengwa na watu waliokusudia kukaa. Moja tuliyoingia ilikuwa na meko bado imesimama, masizi meusi kooni, na mlango usio na ubao unaotazama uwanda wa vichaka vya kijivu hadi upeo. Goyder hakuwa na kituo cha hali ya hewa. Aliamini kile ambacho mimea ilikuwa imeshakisema.

Tulilala Wilpena, ndani ya nchi ya watu wa Adnyamathanha, ambao bonde lake la mduara huliita Ikara. Usiku baridi ilituvalisha kila nguo tuliyokuwa nayo, na kangaruu walipita karibu na hema wakitafuna nyasi. Ni hao hao wanaofanya madereva wa huku wasiendeshe jua likishazama: kangaruu huvutwa na nyasi za kando ya lami, na akirukia taa zako gari na mnyama wote wamekwisha.

Kisha Port Augusta, Ceduna, na baada ya Ceduna miti ilianza kupungua hadi ikaisha. Uwanda wa Nullarbor ni bamba la chokaa lenye ukubwa wa kilomita za mraba 200,000 hivi, na mvua inayonyesha humezwa na mawe. Vituo vya mafuta viko mbali mbali na bei hupanda kadiri unavyosonga. Maji unabeba mwenyewe. Malori yenye matela mawili na matatu yakikupita, gari dogo hutikisika. Mahali fulani lami imepanuliwa na kuchorwa mistari ya uwanja wa ndege, ili madaktari wa Royal Flying Doctor Service watue hapo hapo barabarani kumchukua mgonjwa.

Ardhi ya Yalata, inayopitwa na barabara hiyo, ina wenyeji waliohamishiwa pale. Mwaka 1952 Waanangu waliondolewa Ooldea na kuletwa karibu na pwani. Miaka michache baadaye Waingereza walilipua mabomu ya nyuklia Maralinga, kaskazini, kwenye nchi yao. Ukiwa njiani kwenda kutazama nyangumi unaiona Yalata kama kibao tu kando ya barabara.

Nyangumi wenyewe wako Head of Bight, mahali bara linapokatika ghafla na majabali kuporomoka wima hadi baharini. Hutoka maji ya baridi ya kusini, hufika kuanzia Juni kuzaa, na kufikia Oktoba huanza kuondoka. Chini yetu majike kadhaa walikuwa wametulia na watoto wao ubavuni, karibu na mwamba kiasi cha kusikia pumzi. Karne ya 19 waliwindwa karibu waishe. Mpemba hakuwa na utani siku ile.

Mpakani mwa Western Australia mkaguzi alitufungulia kila mfuko, akachukua asali yetu na vitunguu, akatutakia safari njema. Kilomita 12 mbele yake ni Eucla. Kituo cha telegrafu kilifunguliwa hapa mwaka 1877, kikiunganisha Perth na makoloni ya mashariki, na palikuwa na mji, gati na familia. Leo ukiteremka kutoka genge hadi uwanda wa pwani unakuta kuta za mawe zimezama kwenye mchanga mweupe hadi madirishani. Niliingia kwa kupanda, kwa sababu mchanga umejaa mlangoni. Ndani, mkono wangu ulifika sehemu ya juu ya ukuta ambayo karani wa zamani angeifikia kwa ngazi.

"Nani kaumwaga mchanga wote huu?" aliuliza Mpemba.

Ni sungura. Miaka ya 1890 walifika hapa kwa wingi, wakala majani yaliyokuwa yakiyashika matuta ya pwani, na upepo ukafanya kazi iliyobaki. Miaka kama 35 na kilomita karibu 2,000 za barabara kutoka shamba la Austin, mchezo wake wa uwindaji ulikuja kuufukia mji ambao pengine hakuwahi kuusikia. Mpemba alikaa juu ya ukuta, akacheka kwa mara ya kwanza kuhusu sungura wangu. "Basi leo umewaona," alisema.

Nimesikia watu wakirudi kutoka huko na hukumu nyepesi, kwamba kila kitu kibaki kwao. Haiwezekani, na sisi tunaokula mahindi na mihogo, mimea ya kigeni, tusingeithubutu. Ngamia walilijenga bara lile, na mlingoti unasomesha watoto wengi Njombe. Tofauti kati ya Goyder na Austin ni kwamba mmoja alitazama ardhi kwanza akasema hapa ndiyo, pale hapana, na mwingine alifungua kizimba. Kwetu wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mlingoti tuliupa jembe siku ya kwanza, na umelima kweli kweli. Kilichobaki ni kuuonyesha shamba linakoishia: kilimani upandwe, bondeni kwenye chemchemi usikanyage. Mpaka huo ni wa mwenyeji kuuchora, maana mgeni hana namna ya kuujua.